Zabibu za Marlborough Zimeachwa Shambani, Lakini Kosa Si la Zabibu

Mwaka 2025 New Zealand ilivuna tani 519,000 za zabibu, ongezeko la karibu theluthi moja juu ya tani 393,000 za mwaka uliotangulia. Katika mkoa wa Marlborough, unaobeba sehemu kubwa ya mashamba ya nchi hiyo, baadhi ya vichala viliachwa kwenye mizabibu vikiwa vimeiva, kwa sababu viwanda vya mvinyo vilikuwa vimeshaweka kikomo cha tani vitakazopokea kwa kila hekta. Mwaka huohuo Marekani, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote, iliweka ushuru wa asilimia 10 mwezi Aprili na kuupandisha hadi asilimia 15 mwezi Agosti. Mauzo ya nje yaliyofikia dola za New Zealand bilioni 2.4 katika mwaka ulioishia Juni 2023 yalikuwa yameshuka hadi bilioni 2.1 hivi miaka miwili baadaye. Kutokana na hayo, maelezo ya aina moja yameenea kila penye mazungumzo ya biashara ya mvinyo: kwamba New Zealand imejifunga kwenye zabibu moja nyeupe, Sauvignon Blanc, kwamba dunia imeichoka zabibu hiyo, na kwamba dawa ni kung'oa mizabibu na kupanda aina nyingine.

Naona maelezo hayo yamekosea ugonjwa, na kwa hiyo dawa yake itawaumiza wakulima bila kuwaponya. Ni kweli kwamba Sauvignon Blanc inachukua zaidi ya asilimia 80 ya mvinyo unaouzwa nje ya nchi hiyo. Lakini zabibu zilizoachwa shambani hazikuachwa kwa kuwa ni Sauvignon Blanc. Ziliachwa kwa sababu jina la Marlborough halina kikomo cha mavuno kinachoambatana nalo, kwa sababu sehemu kubwa ya mvinyo huo husafirishwa kwenye matangi na kutiwa chupa katika nchi nyingine, na kwa sababu mkulima asiye na kiwanda hubeba peke yake hasara ya mwaka wa neema. Matatizo hayo matatu yangebaki palepale hata kama mkoa mzima ungegeuzwa kuwa wa Chardonnay kesho asubuhi. Na ushahidi wa hilo hauko mbali, uko katika historia ya visiwa hivyo vyenyewe.

Kwanza ni vizuri kueleza kwa nini zabibu hiyo ilishika pale iliposhika, maana wanaoilaumu huzungumza kana kwamba ilikuwa bahati nasibu. New Zealand ni visiwa viwili vikubwa vilivyolala kwa urefu kusini mwa Pasifiki. Mashamba yake ya zabibu yanaanzia karibu nyuzi 35 kusini mwa ikweta, huko Northland, na kuishia nyuzi 45, huko Central Otago, na hata yaliyo ndani kabisa ya nchi hayazidi mwendo wa saa mbili hivi za gari kutoka baharini. Bahari hiyo hupoza kiangazi na kulegeza makali ya kipupwe. Pepo za magharibi huja zimebeba mvua, lakini safu za milima zilizopita katikati ya visiwa huzizuia, mvua ikamwagika upande wa magharibi na upande wa mashariki ukabaki mkavu wenye jua. Ndiyo maana ukitazama ramani ya mvinyo ya nchi hiyo, karibu mikoa yote mikubwa, Gisborne, Hawke's Bay, Wairarapa, Marlborough, Canterbury, imejipanga mashariki.

Marlborough iko kwenye ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Kusini. Mto Wairau unashuka kutoka milimani na kumwaga maji kwenye ghuba ambayo Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, waliiita Te Koko-o-Kupe kabla nahodha James Cook hajaipa jina la Cloudy Bay mwaka 1770. Kando ya mto udongo ni kokoto na changarawe zinazopitisha maji upesi. Kwenye mabonde madogo ya kusini kuna mfinyanzi mwingi zaidi. Na ukivuka vilima kwenda bonde la Awatere unakuta upepo mkali zaidi na baridi zaidi. Blenheim, mji mkuu wa mkoa, ni miongoni mwa miji inayopata jua jingi kuliko mingine yote nchini. Mchana jua ni kali na usiku baridi inaingia, hivyo zabibu huiva taratibu bila kupoteza ukali wake.

Kwa Sauvignon Blanc hali hiyo ina matokeo ya pekee. Zabibu hii ina makundi mawili ya kemikali za harufu yanayoitambulisha. La kwanza ni metoksipirazini, zinazonukia pilipili hoho mbichi na majani yaliyokatwa, ambazo hupungua kadiri tunda linavyoiva kwa joto. La pili ni thioli, zinazonukia pasheni na balungi, ambazo hujitokeza wakati mchuzi wa zabibu unapochachuka. Mahali penye joto jingi harufu za kundi la kwanza hupotea. Mahali penye baridi mno hutawala zikafunika nyingine. Marlborough hutoa yote mawili kwa wingi ndani ya glasi moja, na hakuna mahali pengine pa ukubwa ule panapofanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Aliyewahi kuunusa mvinyo huo mara moja ataujua tena bila kuambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalitarajii. Mavuno mengi ya Marlborough hufanywa na mashine, mara nyingi usiku. Mashine hiyo ni ndefu kuliko mtu, hupita juu ya mstari wa mizabibu ikiwa imeukalia kama daraja, na fimbo zake za plastiki huutikisa mzabibu kulia na kushoto mpaka punje zinaanguka na vikonyo vinabaki vimening'inia vitupu. Punje nyingi hupasuka hapohapo, na mchuzi husafiri kwenda kiwandani ukiwa umelowana na maganda. Mtu angedhani huko ni kuharibu. Lakini utafiti uliofanywa huko huko New Zealand ulionyesha kwamba mvinyo wa zabibu zilizovunwa kwa mashine huwa na thioli nyingi zaidi kuliko wa zile zilizochumwa kwa mkono, kwa sababu mguso ule wa maganda na mchuzi huandaa malighafi ya harufu hizo. Nalitaja hili kwa makusudi. Kuna wachambuzi wanaosema tatizo la Marlborough ni viwanda na mashine, kwamba tukirudi kwenye mikono na vikapu mambo yatanyooka. Ladha ambayo dunia iliipenda ilizaliwa kwa mashine. Kosa halimo humo.

Sasa historia. Mizabibu ya kwanza inayojulikana nchini humo ilipandwa na mmisionari Samuel Marsden huko Kerikeri mwaka 1819. James Busby, mwakilishi wa Uingereza aliyehusika kuandika Mkataba wa Waitangi wa 1840, alitengeneza mvinyo kwenye shamba lake palepale Waitangi. Wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa walianzisha shamba la Mission huko Hawke's Bay mwaka 1851, na bado linafanya kazi. Mwaka 1895 serikali ilimleta Romeo Bragato, mtaalamu aliyesomea Italia, azunguke nchi nzima. Akaandika kwamba ardhi ile inafaa sana kwa zabibu, na pia akaonya kuhusu filoksera, mdudu anayekula mizizi. Maneno yake hayakufuatwa kwa muda mrefu. Vuguvugu la kupiga marufuku pombe lilikuwa na nguvu kiasi kwamba katika kura ya 1919 marufuku ilikaribia kabisa kupita, na kura za wanajeshi waliokuwa ng'ambo ndizo zilizoizuia. Waliouhifadhi ufundi katika miaka hiyo migumu walikuwa zaidi wahamiaji kutoka Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, waliofika kuchimba sandarusi ya mti wa kauri kisha wakalima zabibu magharibi mwa Auckland.

Ilipofika miaka ya 1970, zabibu iliyotawala nchi haikuwa Sauvignon Blanc. Ilikuwa Müller-Thurgau, zabibu ya Kijerumani inayozaa sana na kuiva mapema, iliyotoa mvinyo mtamu wa bei ya chini. Mwaka 1973 kampuni ya Montana, chini ya Frank Yukich, ilinunua mashamba ya kondoo huko Marlborough na kuanza kupanda. Sauvignon Blanc ikaingia ardhini 1975 na mvinyo wake wa kwanza ukatoka 1979. Wakati huohuo Müller-Thurgau iliendelea kumwagika sokoni mpaka bei zikaporomoka. Serikali ikaingilia. Katika msimu wa 1985 na 1986 ilimlipa mkulima dola 6,175 kwa kila hekta aliyoing'oa, na takriban robo ya mizabibu ya nchi ikaondolewa.

Watetezi wa kung'oa huishikilia sana habari hiyo. Wanasema: tazameni, tuling'oa 1986 na baada ya hapo ukaja ustawi mkubwa ambao haujawahi kuonekana. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, maana mpangilio wa matukio ni wa kweli. Ila ndani ya muongo huohuo kulitokea mambo mengine matatu. Mipaka ya biashara na Australia ilifunguliwa, hivyo mvinyo mtamu wa bei rahisi wa ndani haukuwa tena na ukuta wa kujificha nyuma yake. Filoksera ikasambaa, na wakulima wakalazimika kupanda upya kwenye mizizi ya mizabibu ya Kimarekani hata wale ambao hawakupokea fidia. Na mwaka 1985 David Hohnen akaanzisha kampuni ya mvinyo ya Cloudy Bay, Kevin Judd akiwa mtengenezaji wake, ikafika London na kuwafanya wanunuzi wakubwa waione Marlborough kwa macho mapya. Kung'oa kulifagia uwanja. Kilichojenga nyumba kilikuwa ni mvinyo wenye mahali pake na jina lake. Anayependekeza kung'oa leo anapaswa kuonyesha ni kitu gani kitakuja kujaza nafasi, na hapo wengi wao hunyamaza au hutaja orodha ya majina ya zabibu.

Naomba tukae kidogo na Gisborne, maana ndiyo kesi inayoniongoza katika fikra zangu zote juu ya jambo hili. Mkoa huo wa mashariki mwa Kisiwa cha Kaskazini una udongo wa rutuba na jua la kutosha. Wakati wa Müller-Thurgau ulikuwa ghala la nchi. Müller-Thurgau ilipoanguka, Gisborne ilifanya kile hasa ambacho Marlborough inashauriwa kufanya leo: ilibadili zabibu. Ikawa makao ya Chardonnay, ikaongeza Gewürztraminer, Pinot Gris na nyingine, na baadhi ya wazalishaji wake wadogo, kama familia ya Millton, walifanya kazi ya kuheshimika sana. Lakini wakulima walio wengi waliendelea kuwa watoaji wa malighafi kwa makampuni makubwa yenye viwanda mikoa mingine, yaliyochanganya zabibu hizo na za kwingineko na kuuza chupa ambazo jina la Gisborne ama halikuonekana ama halikuwa na uzito. Makampuni hayo yalipobadili hesabu zao mwishoni mwa muongo wa 2000, mikataba ikakatwa, mizabibu ikang'olewa, na mashamba mengi yakageukia tufaha, kiwi na machungwa. Aina za zabibu zilikuwepo. Hazikuwaokoa, kwa sababu mkulima wa Gisborne hakuwahi kumiliki jina ambalo mnywaji angelitafuta dukani.

Weka pembeni yake Hawke's Bay, mwendo wa saa chache kusini. Mwaka 1867 mto Ngaruroro ulifurika ukahama mkondo wake, ukaacha nyuma eneo la kokoto tupu. Kwa zaidi ya miaka 100 ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa haifai kitu: kondoo hawakupata majani ya kutosha, na ukitembea juu yake wakati wa kiangazi mawe huunguza kupitia soli ya kiatu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni moja ilitaka kuichimba kokoto hiyo, na wapanda mizabibu wachache wakaipinga wakashinda. Waligundua kwamba mawe yale hunyonya joto la mchana na kulirudisha usiku, na kwamba mzabibu unaohangaika kutafuta maji hauzai majani ovyo. Kwa zabibu nyekundu kama Merlot, Cabernet Sauvignon na hasa Syrah, ambazo katika nchi ya bahari baridi hupata shida kuiva, joto hilo la ziada ndilo tofauti kati ya mvinyo na siki. Mwaka 2001 wakajiunga na kuliwekea eneo hilo, la hekta 800 hivi, mpaka unaofuata udongo na jina la biashara linalolindwa kisheria, Gimblett Gravels. Hawakusubiri serikali. Na leo anayenunua Syrah ya pale hanunui Syrah tu ya New Zealand.

Central Otago ina hadithi inayofanana. Otago iko kusini kabisa, imezungukwa na milima, na ndiyo peke yake nchini yenye tabia ya hewa inayokaribia ile ya bara: kiangazi kikavu chenye joto, kipupwe cha theluji, na jalidi inayoweza kuua machipukizi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja, hivyo wakulima hukodi hata helikopta zisukume hewa yenye joto iliyo juu irudi chini kwenye mistari. Huko Pinot Noir imechukua sehemu kubwa ya mashamba. Ukiangalia kwa hesabu, Otago imejifunga kwenye zabibu moja kwa kiwango kinachokaribia cha Marlborough. Mbona hakuna anayeiambia ing'oe? Kwa sababu mavuno yake kwa hekta ni madogo, karibu yote hutiwa chupa nyumbani, na majina ya vijiji vyake, Bannockburn, Gibbston, Bendigo, yana thamani yake yenyewe. Hapo ndipo hoja ya zabibu moja inapoanza kuvuja.

Turudi Marlborough. Mwaka 2007 nchi nzima ilivuna tani 205,000. Mwaka 2008 ikavuna 285,000, na watu wakasema ni gharika. Bei ikashuka, matangi yakajaa, na ili kuyafungua viwanda vikaanza kuuza mvinyo bila chupa, ukimiminwa ndani ya mifuko mikubwa inayoenea kontena zima na kwenda kutiwa chupa Uingereza, Australia au Marekani, mara nyingi kwa nembo za maduka makubwa. Ilikuwa hatua ya dharura, lakini dharura hiyo haikuisha, na sasa zaidi ya theluthi moja ya mvinyo unaouzwa nje huondoka kwa njia hiyo. Kisha ulinganishe: mwaka 2024 zilipovunwa tani 393,000, zaidi ya theluthi moja juu ya zile za 2008, yalihesabiwa kuwa mavuno madogo. Kiasi kinachozidi kile kilichoitwa gharika kilikuwa kimegeuka kuwa kidogo ndani ya miaka 16. Mfumo uliozoea kukua namna hiyo hauwezi kusema mavuno fulani yanatosha.

Sheria haiusaidii kusema. New Zealand ilipitisha sheria ya kulinda majina ya maeneo mwaka 2006, ikaanza kutumika 2017, na majina 18 yakasajiliwa. Ukiandika Marlborough kwenye lebo, lazima angalau asilimia 85 ya zabibu zitoke Marlborough. Basi. Haisemi hekta moja itoe tani ngapi, na haikatazi mvinyo kusafiri kwenye tangi. Linganisha na Sancerre huko Ufaransa, nyumbani kwa Sauvignon Blanc, ambako anayevuka kikomo cha mavuno kilichowekwa hawezi kuuza ziada hiyo kwa jina la Sancerre. Mwaka 2018 baadhi ya wazalishaji wa Marlborough waliona pengo hilo wakaunda alama yao, Appellation Marlborough Wine, inayodai zabibu zote ziwe za mkoa huo, mavuno yasizidi kiwango kilichowekwa, na chupa zijazwe nchini. Ni hatua sahihi, ila ni ya hiari, na walio nje yake wanatumia jina lilelile la Marlborough kwenye lebo zao.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili, maana zipo zenye nguvu. Iliyo nzito kuliko zote ni ya hatari ya kibiolojia. Sehemu kubwa sana ya Sauvignon Blanc ya Marlborough imetokana na pingili za chanzo kimoja, kwa hiyo mizabibu hiyo ni ndugu wa damu moja katika maelfu ya hekta. Ugonjwa mpya, au joto linalopanda mpaka usiku wa baridi ukatoweka, unaweza kuwapiga wote kwa pamoja. Nakubaliana na hoja hii moja kwa moja, na nafurahi kwamba taasisi ya utafiti iliyopewa jina la Bragato imeanzisha mpango wa kuzalisha maelfu ya mizabibu ya Sauvignon Blanc yenye tofauti ndogondogo za kurithi, ili iteuliwe inayovumilia ukame, jalidi na kuvu. Lakini zingatia kwamba jibu hilo la kisayansi linaongeza utofauti ndani ya zabibu ileile. Halisemi ing'olewe.

Hoja ya pili ni ya watetezi wa matangi. Wanasema kusafirisha lita 24,000 kwenye kontena moja bila uzito wa vioo kunapunguza moshi na gharama, na kwamba bila njia hiyo wakulima wengi wangefilisika 2009. Hilo nalo ni kweli, na anayejali hali ya hewa hawezi kulipuuza. Shida yangu iko kwenye bei na mamlaka. Mvinyo ukishaondoka kwenye tangi, anayeamua utauzwa kiasi gani, utapambwa vipi, na utawekwa rafu ipi, ni mnunuzi wa ng'ambo ambaye hana hekta hata moja huko Wairau. Mwaka wa uhaba hulipa vizuri. Mwaka wa neema hutaja bei aipendayo, na chupa hiyo ya bei ya chini husimama rafu moja na ya jirani aliyepunguza vichala vyake kwa mkono, zote zimeandikwa Marlborough. Matangi yangeweza kubaki kama jina la mkoa lisingesafiri nayo, mvinyo ukauzwa kwa jina la nchi tu.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba wanywaji wameichoka Sauvignon Blanc. Wanaosema hivyo wamekuwa wakisema tangu miaka ya 2000, na katika muda wote huo mauzo yaliongezeka mara kadhaa. Hata sasa, unywaji wa mvinyo ukiwa umepungua duniani kote, upungufu mkubwa zaidi uko kwenye mvinyo mwekundu mzito. Mvinyo mweupe mwepesi umestahimili vizuri zaidi. Kama uchovu wa zabibu ndio ungekuwa chanzo, mauzo yangeporomoka kabla ya ushuru wa Marekani na kabla ya maghala ya waagizaji kujaa baada ya korona, tena yangeshuka kwa kiasi kuliko thamani. Na zaidi ya hayo, zabibu zinazopendekezwa kuchukua nafasi yake, Pinot Gris na Chardonnay, zinalimwa kila mahali duniani na nchi zenye gharama ndogo za kazi. Kumshauri mkulima wa Marlborough aache kitu ambacho ni yeye pekee anayekitoa kwa namna ile, akashindane na Italia kwenye Pinot Gris, ni ushauri ambao mtoaji wake hatalipa gharama yake.

Maana gharama ina wenyewe. Mzabibu mpya huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya maana, na mkulima mwenye mkopo wa benki hana miaka mitatu ya kusubiri. Kampuni kubwa yenye ardhi mikoa mitano itahimili kung'oa. Familia yenye hekta 10 itauza shamba, na mnunuzi atakuwa kampuni ileile. Wapo pia wafanyakazi wa msimu kutoka Vanuatu, Samoa, Tonga na visiwa vingine vya Pasifiki, ambao tangu 2007 huja kwa mpango maalumu wa serikali na hupogolea mizabibu wakati wa kipupwe, mstari baada ya mstari, fedha zao zikienda kujenga nyumba na kulipa ada za shule huko kwao. Kila hekta inayong'olewa ni majuma ya kazi yanayopotea katika vijiji ambavyo haviandikwi kwenye ripoti za mauzo. Na wapo Wamaori wa kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini ambao, baada ya kupoteza ardhi nyingi katika karne ya 19, walirudi kwenye kilimo hicho kama wamiliki: Tohu, iliyoanzishwa 1998, ndiyo kampuni ya kwanza ya mvinyo iliyo mali ya Wamaori, na mashamba yake ya Awatere yamepangwa kurithishwa vizazi na vizazi.

Msomaji wa Tanzania ana sababu yake ya kufuatilia habari hii. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na malalamiko ya wakulima wake kukosa mnunuzi msimu wa mavuno si mageni. Kila yanapotokea, huja mtu na pendekezo la kuleta miche ya aina mpya kutoka nje, kana kwamba Makutupora nyekundu, zabibu inayolimwa huko, ndiyo iliyomwangusha mkulima. Gisborne ilibadili miche ikaanguka kwa sababu zilezile zinazomsumbua mkulima wa Dodoma: hana tangi la kuhifadhia mchuzi, hana mkataba unaodumu zaidi ya msimu, na jina la mahali pake halimpi bei. Kinachopaswa kuigwa kutoka visiwa vile ni kazi ya wale watu wachache wa Gimblett Gravels waliochora mpaka wakaulinda.

Kwa Marlborough yenyewe, ninachokiona kinawezekana ni kwamba masharti yaliyo ya hiari tangu 2018 yaingizwe taratibu katika jina lililosajiliwa: kwanza kikomo cha tani kwa hekta, kikianzia juu na kushuka kwa misimu kadhaa ili mwenye mkopo asikwame, kisha jina la mkoa liwe haki ya mvinyo uliotiwa chupa nyumbani, na ule wa matangi uuzwe kwa jina la New Zealand. Pamoja na hayo, mikataba ya zabibu itaje mapema, kabla ya upogoaji, tani zitakazopokelewa, ili mkulima ajue aache machipukizi mangapi. Mwaka 2025 wengi waliambiwa kikomo hicho wakati vichala vilikuwa vimeshajaa punje, na kupunguza kwa mkono wakati huo ni gharama juu ya hasara. Upogoaji hufanyika kati ya Juni na Agosti, na hapo ndipo ukubwa wa mavuno ya mwaka unaofuata huanza kuamuliwa.